Mwana wa Pili: Ukimya katika Historia ya Ukoo wa Kasisi wa Steventon

Historia ya ukoo ni utanzu ambao haujapata kuhakikiwa ipasavyo. Aghalabu wahakiki huuingia kwa mlango wa uani: hutafuta humo tarehe ya kuzaliwa kwa mwandishi fulani, jina la mamaye na shule aliyosoma, kisha hutoka na walichokitaka pasi na kuuliza ni nani aliyekiweka pale na kwa nini. Jambo hili linashangaza, hasa kwa wasomi wa Kiswahili ambao kwa muda mrefu wamezoea kuzisoma tarihi za pwani, ile ya Pate ikiwa mojawapo, kama hoja za koo zilizotawala na wala si kama daftari la matukio tu. Jicho hilo hilo linastahili kuelekezwa kwingineko. Makala haya yanalielekeza kwenye ukoo mmoja wa Kiingereza ambao umeandikwa pengine kupita kiasi, yaani ule wa Kasisi George Austen wa kijiji cha Steventon, katika kaunti ya Hampshire, na mkewe Cassandra Leigh.

Kama mtoto wao wa saba, Jane, asingaliandika riwaya, kasisi huyu na mkewe wangalisahauliwa kama walivyosahauliwa maelfu ya makasisi wa vijijini wa karne ya 18. Umaarufu wa binti ndio uliozaa historia ya wazazi. Historia hiyo, kwa karibu miaka mia moja, ilikuwa mikononi mwa ndugu wa damu. Wasifu mfupi wa kwanza uliandikwa na Henry, kaka wa Jane, mnamo Desemba 1817, miezi mitano baada ya mazishi. Kitabu kilichoujenga ukoo huu katika fikira za wasomaji, A Memoir of Jane Austen, kilitoka Desemba 1869, na mwandishi wake alikuwa mpwa wake, James Edward Austen-Leigh, ambaye pia alikuwa kasisi wa kijijini, huko Bray. Barua zilizotolewa mwaka 1884 zilihaririwa na Lord Brabourne, mwana wa binti wa kaka mwingine. Wasifu mkubwa wa mwaka 1913 ni kazi ya mwana na mjukuu wa James Edward. Aidha, karatasi zenyewe zilikuwa zimekwisha kupitia moto. Mnamo mwaka 1843 hivi, Cassandra, dada wa mwandishi aliyeitwa kwa jina la mamaye, alichoma sehemu kubwa ya barua alizoandikiwa na nduguye. Zilizobaki, pamoja na zile walizokuwa nazo watu wengine, ni kama 160.

Ni desturi kueleza mapengo ya historia hii kwa kutaja haya za enzi ya Malkia Victoria. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Haya hazikuanza na Victoria, wala hazikuwaficha watu wote kwa kiwango kimoja. Ukichunguza ni nani aliyeachwa nje na ni nani aliyepambwa, inabainika kwamba ukimya huu una mantiki yake, na kwamba mantiki hiyo inatokana na hali ya kiuchumi ya kasisi mwenyewe, ambaye alikuwa muungwana asiye na ardhi yake, aliyeshikilia cheo chake kwa hisani ya jamaa na kwa muda wa uhai wake tu.

Uungwana wa kukopa

George Austen alizaliwa Tonbridge mwaka 1731, mwana wa tabibu mpasuaji. Kabla ya kutimiza miaka saba alikuwa amefiwa na baba na mama. Alilelewa kwa msaada wa ami yake, Francis Austen, wakili tajiri wa Sevenoaks, akasoma hadi St John's College, Oxford. Mwaka 1761 aliipata parishi ya Steventon kutoka kwa Thomas Knight, jamaa wa mbali mwenye mashamba. Aprili 1764 alifunga ndoa katika mji wa Bath. Mwaka 1773 aliongezewa parishi jirani ya Deane, ambayo ami yule aliinunua kwa ajili yake.

Neno hilo, kununua, linaweza kumtatiza msomaji anayelielewa neno kasisi kwa maana ya leo tu. Parishi ya Kanisa la Uingereza katika karne ile ilikuwa mali. Ilikuwa na fungu la kumi lililotozwa mazao ya wakulima, ilikuwa na shamba lake, na haki ya kumteua kasisi iliweza kuuzwa, kurithiwa au kuwekewa akiba kijana ambaye hajafikia umri. Riwaya za binti yake haziwezi kueleweka bila ya hili. Katika Mansfield Park, Sir Thomas Bertram analazimika kuiuza nafasi iliyokusudiwa mwanawe mdogo ili kulipa madeni ya mwanawe mkubwa. Katika Sense and Sensibility, Kanali Brandon anampa Edward Ferrars parishi bure, na John Dashwood hawezi kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaitoa bidhaa kama hiyo bila malipo. Kejeli ya mwandishi hapa ni kali kwa sababu anaijua bei.

Mke alitoka katika nasaba ya juu zaidi. Alikuwa binti wa kasisi wa Harpsden. Ami yake Theophilus Leigh aliongoza Balliol College kwa zaidi ya nusu karne. Na miongoni mwa mababu zake alikuwamo Meya wa London wa mwaka 1558, mwaka ambao Malkia Elizabeth wa Kwanza alirithi kiti cha enzi. Hata hivyo nasaba haikumletea utajiri. Walipata watoto wanane kati ya 1765 na 1779. Kasisi alilima, na kuanzia 1773 hadi 1796 aligeuza nyumba yake kuwa shule ya bweni ya wavulana wachache wa watu wenye uwezo. Mkewe aliwapikia, akawafulia na kuwatungia mashairi ya kuchekesha.

Kitabu cha 1869 kinayapitia haya kwa upole wa kupendeza. Kinasimulia mabaraza ya miti ya Steventon, samani chache za enzi hizo na ngoma za jioni. Kinasimulia pia kisa cha bwana mmoja jirani, mwenye maelfu ya ekari, aliyemjia kasisi kumwomba amwamulie ubishi na mkewe: je, Paris imo Ufaransa, au Ufaransa ndiyo iliyomo Paris? Kisa ni kitamu na pengine ni cha kweli. Lakini kinafanya kazi fulani katika matini. Kinamweka kasisi juu ya mwenye ardhi kwa elimu, na hivyo kumsahaulisha msomaji kwamba kwa kila kitu kingine kasisi alikuwa chini yake.

Ukweli huo ulijitokeza tarehe 21 Januari 1805, siku George Austen alipofariki Bath, alikohamia mwaka 1801 baada ya kumwachia mwanawe James shughuli za parishi. Pato la kanisa lilikoma pamoja naye. Mjane na binti zake walibaki na takriban pauni 210 kwa mwaka. Wana walikutana kwa barua, kila mmoja akitaja atakachotoa: James pauni 50, Henry 50, Francis 50 (alitaka kutoa 100, mama akakataa), na Edward 100. Ni mchango wa ndugu kama unavyojulikana kokote. Kabla ya hapo Jane alikuwa ameanza riwaya kuhusu mabinti wa kasisi mgonjwa anayekaribia kufa. Akaiacha katikati, asiirudie. Toleo la pili la kitabu cha mpwa, la mwaka 1871, liliichapisha na kuipa jina The Watsons. Mpwa aliona kwamba shangazi aliiacha kwa kuwa aliwaweka wahusika wake mahali pa chini mno kijamii. Tafsiri hii ndiyo itikadi ya ukoo ikijifichua yenyewe. Mahali pa chini palipokusudiwa ni mahali alipokuwa amekaa mwandishi, pamoja na mama na dada yake.

Waraka rasmi na mkono wa mtoto

Kasisi alikuwa mtunza nyaraka kwa kazi yake. Aliandika katika rejista za parishi ni nani aliyezaliwa, aliyeoa na aliyezikwa, na alichokiandika kilikuwa ushahidi mbele ya sheria. Katika rejista ya ndoa ya Steventon, kwenye ukurasa wa mfano uliochapwa ili kumwonyesha kasisi namna ya kujaza, Jane akiwa msichana alijaza tangazo na ndoa zake mwenyewe na wanaume watatu wa kubuni: wawili wenye majina marefu ya kifahari, na mmoja aitwaye Jack Smith tu. Baba hakuukata ukurasa ule. Wapo waliouchukulia mzaha huu kuwa kitu cha kitoto. La muhimu kwa mhakiki ni kwamba binti wa kasisi aligundua mapema kuwa waraka rasmi na ubunifu hutumia fomu moja. Ni funzo ambalo waandishi wa historia ya ukoo wake hawakulipata.

Shangazi wa Bengal, rafiki wa Antigua

George Austen alikuwa na dada wawili, Philadelphia na Leonora. Leonora hasikiki katika kitabu cha 1869. Philadelphia anatajwa kama mama wa binamu aliyesomea Paris na kuolewa na mwungwana wa Kifaransa ambaye baadaye, mwaka 1794, alikatwa kichwa na wanamapinduzi. Jinsi yeye mwenyewe alivyoishi haielezwi. Yatima yule aliwekwa akiwa msichana mdogo kujifunza kazi ya kushona kofia huko Covent Garden, London. Januari 1752 alipanda jahazi kwenda India, na mwaka uliofuata aliolewa na Tysoe Saul Hancock, tabibu wa Kampuni ya Mashariki ya India. Mwana wa kiume wa tabibu alipelekwa Oxford na binti akapelekwa sokoni. Lugha ya adabu haina namna nyingine ya kulisema. Binti yao wa pekee, Eliza, alizaliwa Calcutta mwaka 1761. Warren Hastings, aliyekuja kuwa Gavana Mkuu, alimwekea mtoto huyo fedha iliyofikia pauni 10,000, na uvumi wa wakati ule kuhusu sababu ya ukarimu huo umewashughulisha waandishi wa wasifu kuliko inavyostahili.

Linalostahili kushughulikiwa zaidi ni daftari. Katika mwaka 1792, Jane, akiwa na miaka 16, alianza hadithi ya "Catharine, or the Bower", ambamo msichana yatima, binti wa kasisi, anasafirishwa na jamaa hadi Bengal kuozwa kwa mwanamume asiyemjua, na watu wa nyumbani wanasema amebahatika. Hadithi hii imo katika daftari lake la tatu, na ndani ya jalada la daftari hilo kuna maneno ya utani, ambayo husadikiwa kuwa ni mwandiko wa George Austen, yanayomsifu mtungaji kijana kwa mtindo wake mpya. Hivyo basi kasisi aliweka baraka zake juu ya daftari ambamo maisha ya dada yake yanasimuliwa bila kupakwa asali. Ukoo ulilikalia daftari hilo. Halikuchapishwa hadi 1951.

Kuhusu Antigua, mjadala umekuwa mkali tangu Edward Said alipoisoma Mansfield Park katika kitabu chake cha 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu. George Austen alitajwa mwaka 1760 kuwa mmoja wa wadhamini katika mkataba wa ndoa wa rafiki yake wa Oxford, James Langford Nibbs, aliyemiliki shamba la miwa kisiwani humo lililolimwa na watumwa. Nibbs alikuwa baba wa ubatizo wa mwana wa kwanza wa kasisi. Wahakiki wengine wameuchukua mkataba huo kama hati ya hatia. Uchunguzi wa Devoney Looser, uliochapishwa mwaka 2021, umeurudisha kwenye kipimo chake: udhamini huo ulikuwa wa mkataba wa ndoa, na hakuna ushahidi kwamba kasisi alifaidika na shamba. Looser huyo huyo alionyesha kwamba Henry Austen, ambaye naye aligeuka kasisi baada ya benki yake kufilisika mwaka 1816, alikuwa mjumbe katika mkutano mkuu wa kupinga utumwa uliofanyika London mwaka 1840. Kinachobaki baada ya kusahihishana huku si kuwagawa ndugu katika kundi la wema na la waovu. Kinachobaki ni kwamba nyumba ya kasisi wa Steventon, iliyosawiriwa kama kisima tulivu cha Uingereza, ilizungukwa pande zote na fedha za mbali. Hata posa ya Cassandra ilivunjwa na mbali huko: mchumba wake, kasisi kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wa bweni nyumbani kwao, alifariki kwa homa ya manjano mwaka 1797 akiwa na kikosi kilichopelekwa visiwa vya Karibi, akamwachia pauni 1,000.

Lesi ya shilingi ishirini

Kisa cha mke wa kaka yake Bi Austen kinaweza kuelezwa kwa ufupi kwa sababu kimeelezwa mara nyingi. Agosti 1799, Jane Leigh-Perrot, mzaliwa wa Barbados na mke wa tajiri, alishtakiwa kwa kuiba lesi yenye thamani ya shilingi 20 katika duka moja mjini Bath. Kosa hilo lingeweza kumpeleka kwenye kitanzi, au, jambo lililokuwa karibu zaidi, uhamishoni Australia. Alikaa kizuizini katika nyumba ya mlinzi wa gereza la Ilchester kwa miezi kadhaa hadi alipoachiliwa huru mjini Taunton, Machi 1800. Kitabu cha 1869 hakisemi neno.

Lakini litazamwe jina lililoko kwenye jalada la kitabu hicho. Mwandishi alizaliwa Austen. Aliongeza Leigh mwaka 1837, baada ya kurithi mali ya bibi huyo huyo, aliyefariki mwaka 1836. Bwana Leigh-Perrot mwenyewe alipofariki mwaka 1817 hakuwa amemwachia chochote dada yake, mjane wa kasisi. Urithi uliomruka bibi ukamwangukia mjukuu, pamoja na jina, na jina likaandika historia isiyomtaja aliyelitoa kwa lile lililompata. Hakuna mfano bora zaidi wa namna mali na usimulizi vinavyofungamana katika utanzu huu.

Mama mwenye nyumba

Uhakiki umemtendea Cassandra Leigh kwa namna ya ajabu. Kasisi anapewa heshima ya mwenye maktaba ya vitabu 500, aliyemruhusu binti asome apendavyo, na ambaye Novemba 1797 alimwandikia mchapishaji wa London kuulizia mswada wa riwaya na kujibiwa kwa kukataliwa papo hapo. Mama, kwa upande wake, hugeuzwa kuwa mfano wa wazee wa kike wanaolalamikia tumbo na mishipa katika riwaya za binti. Ushahidi hutolewa katika barua za Jane zenye kumdhihaki mamaye kwa maradhi yake. Ni ushahidi wa upande mmoja: barua za binti kwa dada, zilizokusudiwa kuchekesha, na zilizonusurika moto kwa uamuzi wa dada huyo.

Maandishi ya mama mwenyewe yanatoa sura nyingine. Mwaka 1804, akiwa Bath, aliugua hata akakaribia kufa. Alipopona alitunga shairi la kuchekesha ambamo anajibizana na Mauti, akiwashukuru mumewe kwa sala, binti zake kwa uuguzi na tabibu kwa ustadi. Agosti 1806 alifika Stoneleigh Abbey, kasri la jamaa zake wa ukoo wa Leigh, siku chache baada ya jamaa mmoja, kasisi naye, kuingia kulirithi. Barua aliyompelekea mke wa mwanawe inahesabu madirisha, inapima vyumba, inaorodhesha samaki, nyama na maziwa, kisha inapendekeza vibao vya kuelekeza njia viwekwe kwenye kona za nyumba ili wageni wasipotee. Yeyote aliyewahi kuisoma sura ya kutembelea kasri katika riwaya za Jane Austen atatambua mara moja chimbuko la jicho lile linalostaajabu na kupiga hesabu kwa wakati mmoja. Baba alitoa karatasi na meza ya kuandikia. Sauti ilitoka kwingine.

Kumbukumbu za ukoo zinamhifadhi mama huyu katika picha mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1768, wakati familia ilipohama kutoka Deane kwenda Steventon kwa njia mbovu ya mikokoteni: amelazwa juu ya godoro la manyoya lililopangwa juu ya samani kwa kuwa hakuwa na afya njema. Ya pili ni ya Chawton, katika nyumba waliyopewa na Edward mwaka 1809: mwanamke mzee mwenye nasaba ya mameya, aliyevaa vazi la kijani la mtu wa kibarua, anachimba viazi. Picha zote mbili zinapendeza, ndiyo maana zilihifadhiwa. Ile ya kwanza ina kasoro moja. Msimulizi hasemi ni watoto gani waliokuwa karibu na mkokoteni.

Mwana wa pili

Walikuwa watatu. James alikuwa na miaka mitatu, Edward hajatimiza mwaka. Katikati yao alikuwa George, aliyezaliwa Agosti 1766 na kuitwa kwa jina la babaye. Katika kitabu cha 1869 Edward, ambaye ni wa tatu, anaitwa kaka wa pili wa Jane. Hapa hakuna kupakana rangi wala tafsida. Ni hesabu iliyobadilishwa.

Barua chache za wazazi, zilizochapishwa na ukoo mwaka 1942, zinaonyesha yaliyotokea. Julai 1770 kasisi anamwandikia jamaa yake kuhusu mtoto huyu mwenye kifafa, na anajiliwaza kwamba angalau hawezi kamwe kuwa mtoto mwovu. Ni liwazo la mtu wa madhabahuni, naye analitoa kwa fundisho la dhambi. Desemba mwaka huo huo mama anaandika kwamba George wake mdogo amekuja kumwona siku hiyo, yu mzima kiasi, ingawa ameshikwa tena na kifafa baada ya karibu mwaka mzima. Yafaa kuzingatia kitenzi alichokitumia mama. Mtoto wa miaka minne amekuja kumwona mamaye. Kwa hiyo hakai naye.

Kutoka Calcutta, Hancock, baba yake wa ubatizo, naye aliandika kwamba mtoto huyu itabidi atunzwe bila tumaini lolote la kujitegemea. Alikuja kukaa kwa kudumu na familia moja ya Monk Sherborne, si mbali na Steventon, pamoja na mjomba wake, Thomas Leigh, kaka wa Bi Austen, aliyekuwa na hali kama yake. Wahakiki wengine hudhani kwamba alikuwa kiziwi pia, kwa kuwa Jane anataja katika barua ya mwaka 1808 kwamba aliweza kuzungumza na kiziwi kwa vidole. Mama alipofariki mwaka 1827, Edward aliutoa mgao wake wa fedha za mama kwa ajili ya matunzo ya nduguye.

Tangu miaka ya 1990 mapengo haya yamezibwa kwa hasira. David Nokes, katika wasifu wake wa 1997, anamrejesha George ili kuwahukumu wazazi na kuuvunja mfano wa familia takatifu. Claire Tomalin, mwaka huo huo, anayahusisha maisha ya watoto wote na desturi ya mama kuwapeleka kijijini kulelewa na mwanamke mwingine tangu wanapoachishwa ziwa hadi wanapoweza kutembea na kusema. Hukumu ya Nokes inapita kipimo. George hakutupwa katika nyumba ya wendawazimu, na gharama zake zililipwa kwa miaka zaidi ya sitini na ukoo usio na fedha za kuchezea. Kuna majumba makubwa zaidi ya Steventon yaliyowatendea wana kama yeye vibaya zaidi.

Kosa limo katika maandishi, na limo mahali ambapo hata Nokes hakulitafuta. Mpwa, katika kitabu chake, anaieleza ile desturi ya ulezi wa kijijini. Anasema ingawa yaonekana ngeni kwa wasomaji wake, haikuwa mbaya: mtoto alitembelewa kila siku, naye aliletwa mara kwa mara nyumbani kwa kasisi. Ni aya tulivu yenye kutoa udhuru kabla ya mtu kushtaki. Ikisomwa kwa kumkumbuka George, inageuka kabisa. Watoto saba walikwenda kijijini wakarudi. Mmoja alikwenda na safari yake haikuisha, na aya inayoeleza kurudi kwa wengine ndiyo inayomfuta. Msimulizi hakulazimika kusema uongo. Alichohitaji ni kuandika wakati wa mazoea, ambamo kila mtoto ni mtoto yeyote.

Yamkini ukoo wenye ekari nyingi ungeweza kumtaja mwana wa aina hii katika hati za urithi, kwa kuwa sheria ingelazimisha. Kasisi wa kijijini hakuwa na cha kurithisha ila jina jema, elimu na mapenzi ya wafadhili. Wana wake walikuwa ndio mtaji: mmoja alichukua parishi, mmoja alichukuliwa na akina Knight mwaka 1783 akawa mrithi wao, mmoja alijaribu benki, wawili waliingia katika jeshi la majini wakafikia vyeo vya juu kabisa. Katika orodha ya mafanikio ya namna hiyo, George hakuwa na safu. Riwaya ya mwisho iliyokamilika ya dada yake, Persuasion, ina mwana mmoja asiyefaa kitu, Dick Musgrove, aliyepelekwa baharini kwa kuwa hakuwezekana nyumbani na ambaye kifo chake hakikumpunguzia mtu furaha, mpaka mamaye alipoamua kumlilia miaka miwili baadaye. Ukali wa msimulizi katika kurasa hizo umewakera wasomaji wengi. Si lazima Dick awe George ili kurasa hizo zisomeke upya: zinaonyesha mwandishi aliyejua vyema kwamba familia hulia na husahau kwa ratiba.

Wasifu wa 1913 ulimrudisha George kwa maneno machache. Alikuwa amefariki Januari 1838, akiwa na miaka 71, baada ya kuishi kuliko baba, mama na Jane. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Monk Sherborne bila jiwe la kaburi. Miezi sita kabla yake, Julai 1837, sheria mpya ya usajili wa vizazi na vifo ilikuwa imeanza kutekelezwa Uingereza, na kazi ya kuhesabu wafu haikuwa tena ya makasisi peke yao. Ndiyo sababu kifo chake kimo katika kitabu cha serikali. Aliyekwenda kukitolea habari alikuwa mwanamume wa familia ile iliyomtunza. Na mahali pa kueleza marehemu alikuwa mtu gani, karani aliandika kwamba alikuwa mwungwana.